Mahali pa Kazi na Haki ya Mwili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, ambaye kwake twataka msaada na msamaha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, nanyi mnaotusikiliza majumbani, Ijumaa ya leo twataka kusema juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu wakaliona dogo mno kwa mimbari, nalo ni kiti. Twakusudia kiti akikaliacho mtu kazini, meza anayoiinamia, na mwanga unaoangukia mikono yake. Tumelichagua jambo hili kwa kuwa tuna deni nalo sisi wenyewe, na deni hilo tutalitaja mbele yenu.

Mtu apitaye katika barabara za mji wetu wa Moshi huwaona mafundi cherehani wamejipanga katika vibaraza vya maduka. Sare za shule za watoto wetu hushonwa hapo, na kanzu nyingi zilizovaliwa leo zilitoka hapo. Lakini tazameni wamekalia nini. Mmoja amekalia kigoda, mwingine kreti tupu la soda lililotandikwa kitambaa, na wa tatu ubao uliolazwa juu ya madebe mawili. Cherehani ya kukanyaga kwa miguu ina kimo chake, haipandi wala haishuki. Basi kiti kikiwa kifupi, mabega hupanda yakakaribia masikio. Na kikiwa kirefu, mgongo hupinda mithili ya upinde. Mtu akikaa hivyo saa moja hana neno. Akikaa hivyo tangu asubuhi hadi jua kuchwa, mwaka baada ya mwaka, mwili hujifunza kupinda na kusahau kunyooka.

Alikuwapo fundi mmoja kijana, aliyefanya kazi kwa tajiri wake mwaka wa tisa sasa. Alitujia baada ya Sala ya Adhuhuri akasema, "Sheikh, mgongo unaniuma, na kreti ninalokalia ndilo linaloniumiza. Nimemwomba tajiri kiti, amesema nafasi hakuna." Nasi tulimjibu nini? Tulimwambia, "Subiri mwanangu, subira ina malipo." Tukaona tumempa nasaha njema, tukaenda zetu.

Hazikupita siku nyingi tukamwona msikitini, nyuma kabisa, amekaa pamoja na wazee wanaosali juu ya viti. Hakuweza kurukuu. Tulisimama tukamtazama mtu wa umri wa kubeba gunia, naye anasali kama babu yake, na hapo ndipo lilipotujia jambo lililotuondolea raha: kwamba kiti cha kwanza chenye egemeo alichokikalia kijana yule katika miaka yake yote ya kazi kilikuwa kile cha msikitini.

Ndugu zetu, subira ni fadhila kubwa, na wala hatuiondoi mahali pake. Mwenye maradhi yasiyo na dawa husubiri. Mwenye kufiwa husubiri. Lakini dhara linaloweza kuondolewa kwa msumeno na misumari minne, hilo haliombewi subira, huondolewa. Na anayemhimiza mwenzake asubiri dhara la namna hiyo, hali yeye mwenyewe amekaa mahali pazuri, yampasa kujitazama. Tunasema hayo tukijisema sisi.

Kwani mimbari hii tunayosimamia ilitoka wapi? Mtume (S.A.W.) alikuwa akihutubia akiegemea gogo la mtende. Kisha, kama ilivyopokewa katika hadithi sahihi, alimpelekea ujumbe mwanamke mmoja wa Kiansari, ili kijana wake aliyekuwa seremala amtengenezee mbao za kukalia anaposema na watu. Zikachongwa kutokana na miti ya Ghaba, karibu na Madina. Mbora wa viumbe, ambaye subira yake hapana aifikiaye, aliona si aibu kutaka kiti cha kazi yake.

Kadhalika Nabii Daudi (A.S.). Katika Sura ya Sabaa twafunzwa kwamba Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma, akamwamrisha atengeneze mavazi ya vita na apime sawasawa pete zake. Wafasiri wameeleza: msumari wa pete usiwe mwembamba ukalegea, wala mnene ukaivunja pete. Basi ikiwa kipimo cha kitu avaacho askari kilipata kutajwa katika Qur'ani, kipimo cha kitu akaliacho fundi hakiwezi kuwa upuuzi.

Na wenye kuajiri wakumbuke hadithi ya Abu Dharr, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie: kwamba walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, tusiwakalifishe wasiyoyaweza, na tukiwakalifisha tuwasaidie. Serikali nayo imeweka sheria. Ile ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, iliyoshika nafasi ya sheria ya viwanda ya mwaka 1950, yamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake. Na tangu mwaka 1700 tabibu Mwitalia Bernardino Ramazzini aliandika kitabu juu ya maradhi yaletwayo na kazi, akawataja washonaji na migongo yao iliyopinda, na akawausia matabibu wamwulize kila mgonjwa anafanya kazi gani. Swali jepesi. Laiti sisi tungalimwuliza kijana yule swali la pili na la tatu kabla ya kumhubiria.

Ninyi mlioko mlimani, Machame, Kibosho, Old Moshi na Marangu, msidhani twasema na watu wa mjini peke yao. Kahawa yenu ikishamenywa na kuoshwa mnaianika juu ya vichanja, karibu na kimo cha kiuno, isiguse udongo, na mtu aigeuze bila kuinama. Ni kazi ya akili. Lakini mama wa nyumba hiyo hiyo anapika juu ya mafiga matatu yaliyo chini kabisa, ameinama moshini, naye amekwisha kubeba kichwani majani ya ng'ombe kutoka tambarare. Kahawa imepata kitanda chake, mama hakupata. Matofali machache na udongo hutosha kuliinua jiko hadi kiunoni na kulitobolea ukuta tundu la moshi. Mume asiyekwenda shamba siku hiyo aweza kulimaliza.

Nanyi wanafunzi, chuoni tunawekewa marufaa ili msahafu uinuke nasi tusiinamishe shingo mno. Mbona hesabu na jiografia mnazisoma mmelala kifudifudi, taa imewekwa nyuma ya kichwa? Kaeni mwelekee mwanga, nyanyueni kitabu, na adhana ikilia inukeni kwa wakati wake, kwani mwili nao una haki yake.

Turudi kwa tajiri yule. Tulikwenda dukani kwake, tukamkuta si mtu mbaya, na zaka hutoa. Alisema kibaraza ni cha kupanga, kodi ni kubwa, na cherehani lazima itazame barabarani wateja waione. Tukakaa juu ya kreti lile muda wa kikombe kimoja cha chai. Jua la alasiri lilitupiga usoni, tukajikuta tumeinama ili kulikwepa, bila kushona hata uzi. Tajiri naye akakaa. Hakusema kitu, akaigeuza cherehani robo ya mzunguko, kivuli kikapatikana. Seremala jirani akachonga kiti chenye egemeo kwa mabaki ya mbao, akimpima fundi mwenyewe, goti hadi unyayo.

Kijana bado husali kwa kiti baadhi ya siku, kwani kilichopinda miaka tisa hakinyooki kwa wiki tisa. Tulimwomba msamaha, akatusamehe. Kisha akatuuliza, "Sheikh, na yule mtoto anayepiga pasi kule nyuma?" Hatukuwa tumemwona. Anapiga pasi ya mkaa juu ya meza inayomfika magotini. Kesho baada ya Alasiri, Mwenyezi Mungu akijalia, tutakwenda na seremala kupima.