Gitaa la Umeme, Ukuta Mmoja na Jirani Aliyetoka Zamu ya Usiku

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakazi wa kata na mpiga gitaa wa siku nyingi, mkazi wa Kakola, ambaye sasa hufundisha vijana. Tumeyachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo kwa wengine litaonekana dogo, nalo ni namna ya kujifunza gitaa la umeme nyumbani bila kumnyima jirani usingizi. Nimekubali kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuwa mkosaji katika jambo hili, na mkosaji aliyetubu huwa na mengi ya kueleza kuliko hakimu.

Miaka ile nilikuwa nimepanga chumba kimoja katika nyumba ya safu, hizi nyumba zetu za vyumba sita vinavyotazama uani. Nilikuwa na gitaa la mkopo na amplifaya ndogo, nami nilijiona mwungwana kwa kuwa sikupiga usiku hata mara moja. Nilianza saa 3 asubuhi, wenye kazi wakiwa wameondoka, nikaacha saa 6 mchana. Sikujua kwamba bwana wa chumba cha pili alikuwa anafanya kazi chini ya ardhi, na wiki mbili hizo alikuwa zamu ya usiku. Alivumilia siku nne. Siku ya tano alibisha hodi, akakaa kwenye kigoda, akaniambia kwa upole: "Kaka, jana usiku nilisinzia nimesimama, na mbele yangu kulikuwa na mashine inayotembea. Sikutaka kukuudhi, lakini nina watoto." Hakusema zaidi. Nilikunja waya wangu, na kwa mwezi mzima sikuweza kuligusa gitaa bila kumwona mtu yule amesimama gizani macho yakimfumba.

Ndiyo maana nasema kwetu hapa suala hili halifanani na la mahali pengine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, hutenganisha mchana na usiku, na usiku hupewa ulinzi mkubwa zaidi. Ni haki. Lakini mgodi wa Bulyanhulu ulioanza uzalishaji mwaka 2001 ni mgodi wa chini ya ardhi, na chini ya ardhi hakuna jua la kutofautisha zamu. Wapo miongoni mwetu wanaume na wanawake ambao usiku wao huanza saa 2 asubuhi. Ongeza wauguzi wa zamu, walinzi, madereva wa malori na mama aliyekesha na mtoto mwenye homa. Anayesema "mimi hupiga mchana tu" bado hajasema kitu.

Sasa tuliangalie gitaa lenyewe, maana watu wengi hulilaumu bure. Gitaa la umeme lenye mwili wa mbao nzito isiyo na tundu ni chombo cha kimya kuliko vyote vya jamii yake. Gitaa la kawaida lina kasha tupu ambalo huipokea mitikisiko ya nyuzi na kuikuza, kama kibuyu cha zeze. La umeme halina kasha hilo. Chini ya nyuzi zake za chuma mna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, mkondo mdogo wa umeme huzaliwa ndani ya waya. Kifaa hicho wapiga gitaa hukiita pikapu, na nawaomba wenye magari ya mizigo wasigeuke. Mkondo ule ni dhaifu mno. Amplifaya ndiyo huupa nguvu, na spika ndiyo huugeuza kuwa sauti. Chombo hiki kilibuniwa Marekani katika miaka ya 1930 kwa kuwa gitaa la kawaida lilikuwa likimezwa na tarumbeta za bendi kubwa. Kwa hiyo kelele haimo ndani ya gitaa. Imo katika kile tunachokichomeka.

Hatua ya kwanza, basi, haigharimu hata senti: usichomeke. Mazoezi ya vidole, kubadili kodi, kupanda na kushuka ngazi za sauti, kushika mapigo ya gitaa la ridhimu kwa saa nzima bila kuyumba, yote hayo yanafanyika bila umeme. Aliye ndani ya chumba atasikia vya kumtosha, na aliye ng'ambo ya ukuta hatasikia kitu. Vijana hunibishia kwamba haina utamu. Kweli haina. Lakini kosa lolote la kidole unalisikia likiwa uchi, bila mwangwi wa kulifunika, na nimeona wanafunzi walionyooka ndani ya miezi mitatu kwa njia hiyo.

Hatua ya pili ni hedifoni. Amplifaya nyingi ndogo za siku hizi zina tundu la hedifoni, na ukichomeka, spika hunyamaza yenyewe. Tazama tundu hilo kabla ya kununua: mara nyingi huwa la milimita 6.35, na hedifoni za simu ni za milimita 3.5, kwa hiyo huenda ukahitaji adapta ya bei ndogo. Vipo pia vifaa vidogo kama kiberiti vinavyochomekwa moja kwa moja kwenye gitaa, na vingine vya kuunganisha gitaa na simu, ambapo programu ya simu hufanya kazi ya amplifaya. Nawaonya juu ya jambo moja tu: hedifoni za kawaida za Bluetooth huchelewesha sauti kwa sehemu ya sekunde, na kuchelewa huko kunatosha kukuvuruga mapigo. Tumia zenye waya.

Wengi wenu, najua, hamna amplifaya wala kifaa cha kiberiti. Mnachomeka kwenye sabufa ya sebuleni. Hapo ndipo pabaya kuliko pote. Sabufa imetengenezwa kukuza besi, na besi ndiyo sauti isiyozuilika. Uzi mnene kabisa wa gitaa hutikisika kama mara 82 kwa sekunde, na wimbi lake angani lina urefu wa mita nne hivi. Gitaa la besi hushuka hadi mara 41 tu, na wimbi lake ni mita nane, marefu kuliko chumba changu na chenu. Wimbi la namna hiyo haliulizi pazia. Sauti nyembamba hunaswa na mablanketi, nguo zilizotundikwa, godoro. Nene hupita, ikautikisa ukuta, na ukuta ukaitoa upande wa pili. Zile trei za mayai ambazo vijana huzibandika ukutani hupunguza mwangwi mle ndani kidogo, basi. Jirani hazimsaidii hata chembe, na panya huzipenda.

Halafu tutazame juu. Nyumba zetu nyingi za kupanga zina kuta za matofali ya kuchoma ambazo ni nzuri kwa kuzuia sauti, lakini ukuta wa kati huishia kwenye usawa wa kenchi. Hapo juu hakuna dari, ni bati tupu kutoka chumba cha kwanza hadi cha sita. Sauti hupanda, hugonga bati, hushuka kwa jirani. Waweza kuziba mlango kwa matambara ukadhani umemaliza kazi, kumbe umefunga dirisha na kuacha paa wazi. Mwenye nyumba anayejenga sasa nampa ushauri wa bure: pandisha ukuta wa kati hadi ukutane na bati, uzibe na mianya. Ni matofali machache, na wapangaji wako watakaa miaka.

Ikiwa ni lazima utumie spika, iondoe sakafuni, uiweke juu ya mto au godoro lililokunjwa ili mtikisiko usishuke kwenye saruji. Usiiweke pembeni mwa chumba, kwa sababu kona huongeza besi. Igeuzie uso wako, ikutazame sikioni, si miguuni. Utagundua kwamba ulikuwa ukiongeza sauti kwa sababu spika ilikuwa ikiyapigia magoti yako. Punguza kitufe cha besi karibu hadi mwisho. Wala msidanganywe na muuzaji anayesema amplifaya ya wati 10 ni ya kimya na ya wati 100 ni ya makelele. Sikio halihesabu hivyo: wati mara kumi husikika kama sauti mara mbili tu, takriban. Ile ya wati 10 ikifunguliwa yote itawaamsha watu wa safu nzima na mbuzi wao.

Niseme kidogo juu ya masikio, kwa kuwa hedifoni humwokoa jirani lakini zaweza kumwangamiza mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isisikilizwe zaidi ya saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo hukatwa nusu. Kijana anayeshinda kwenye karasha au kwenye mashine ya kuchoronga tayari ametumia fungu lake la siku hata akiwa amevaa kinga. Akirudi nyumbani akajaza hedifoni, sikio halijui kwamba hii ni starehe na ile ilikuwa kazi, linajumlisha tu. Ukivua hedifoni ukasikia mlio wa nyenje ambao wenzako hawausikii, umezidisha. Mlio huo leo huondoka baada ya saa chache. Ipo siku hautaondoka.

Na umeme. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na mwili wa amplifaya kwa waya wa ardhi. Nyumba isiyo na waya wa ardhi, au plagi iliyokatwa jino la tatu ili iingie kwenye soketi ya matundu mawili, inaweza kuzitia nyuzi hizo umeme, nawe umezishika kwa vidole kumi. Usipige ukiwa peku kwenye sakafu yenye maji. Ukihisi vidole vinakutekenya, zima ukutani, umwite fundi. Hili sitalirudia, lakini nawaomba wazazi walikumbuke hata kama mengine yote mtayasahau.

Mzee mmoja aliniuliza nilipokuwa nikiingia: mbona zamani hatukuwa na malalamiko haya, na ngoma zetu zilikuwa na kishindo? Nilimjibu kwamba Bagika na Bagalu walishindana uwanjani, baada ya mavuno, mchana, na karibu kila mtu alikuwa pale pale akitazama. Hapakuwa na aliyelala ng'ambo ya ukuta. Sisi leo tunaishi kama watu wa miji ya migodi wanavyoishi kila mahali, bega kwa bega, kila mmoja na saa yake. Na miji ya namna hiyo haijawahi kulikataa gitaa. Huko Katanga, kwenye migodi ya shaba, ndiko Jean Bosco Mwenda alikorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi. Aliimba kwa Kiswahili, akapiga gitaa lisilo na umeme kwa vidole, na santuri zake zilifika mbali. Hakuwa na amplifaya, na ufundi wake haukupungukiwa kitu.

Nimalizie kwa yale yanayotuhusu sote kama kata. Kijana, kabla ya kuchomeka, nenda kwa majirani wote wanne, wa kulia, wa kushoto, wa nyuma na wa mbele, uwaulize zamu zao. Andika kwenye karatasi, ubandike mlangoni kwako kwa ndani. Zamu hubadilika, kwa hiyo uliza tena. Nawe jirani unayesumbuliwa, anza kwa kubisha hodi kama alivyofanya yule ndugu yangu. Likishindikana, liko kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha ofisi ya kijiji, kisha Mtendaji wa Kata. Na halmashauri ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982. Lakini nawasihi msianzie huko. Gitaa lililokamatwa na mgambo mara chache humrudia mwenyewe likiwa na nyuzi zote sita.

Ombi langu kwako, Mheshimiwa Diwani, ni moja. Kamati za shule zetu zifikirie kutuachia darasa moja lililo mbali na nyumba za watu, Jumamosi kuanzia saa 8 hadi saa 11 jioni. Bendi haiwezi kujifunza kwa hedifoni milele. Ipo siku mpiga besi, mpiga ridhimu na mpiga ngoma lazima wasikilizane. Tutalipia umeme wetu wa LUKU, tutafagia, na funguo tutairudisha jioni ile ile. Mimi mwenyewe niko tayari kuwa mdhamini.

Gitaa langu nimekuja nalo, liko pale mezani karibu na mlango, halijachomekwa popote. Wanaotaka kulisikia itabidi wasogee.