Breki za Mbele na Swali la Kijana

(Mazungumzo yaliyotolewa siku ya kukutana kwa wanafunzi wa zamani)



Nilipoombwa kuzungumza, nilishauriwa niseme juu ya maendeleo. Kwa ruhusa yenu, nitasema juu ya breki. Wengi wetu hapa tuna pikapu. Tunapakia mahindi, maharage na vitunguu swaumu, na usiku jirani akigonga mlango tunampakia mgonjwa. Na nchi yetu ni ya kupanda na kuteremka. Atokaye Mbulu kwenda Babati aweza kushuka ukingo wa Bonde la Ufa kwa njia ya Magara. Aendaye Katesh hupita Dongobesh akashukia Dareda. Njia zote mbili hazimsamehe mwenye breki mbovu.

Vijana wa fizikia watanisaidia. Breki hazimezi mwendo, bali huugeuza kuwa joto. Gari la tani 2 likiteremka mita 500 kwenda chini, hutoa nishati ipatayo jouli milioni 10. Joto hilo latosha kuchemsha karibu lita 30 za maji baridi. Dereva akitumia gia nzito, injini hubeba sehemu ya kazi hiyo. Akiachia gia nyepesi na kukanyaga breki njia nzima, karibu mzigo wote huangukia breki, na hasa zile za mbele, maana gari likifunga breki uzito hulalia mbele.

Pikapu yangu ilianza kunipa habari mapema. Nikikanyaga breki, usukani ulitetemeka na pedali ikapiga mguu. Nilibadilisha pedi peke yake, kwa kuwa ni rahisi, nikajiona nimemaliza. Mtetemeko ukarudi. Nilipofungua tairi nikaona diski zina mifereji na ukingo uliosimama kama mdomo wa sufuria. Kila diski huwa na unene wa chini unaoruhusiwa, na mara nyingi namba yake imepigwa kwenye chuma chenyewe. Zangu zilikuwa zimepita chini ya kipimo hicho. Diski iliyofikia hapo haichongwi tena. Hutupwa.

Niliamua kuifanya kazi hiyo nyumbani Mbulu, siku ya Jumamosi, nikisaidiwa na mtoto wa dada yangu aliye kidato cha tatu. Tulikwenda hivi:

Kwanza, gari lilisimama mahali tambarare na pagumu, handibreki imevutwa, mawe yamewekwa nyuma na mbele ya tairi za nyuma. Nati za tairi tulizilegeza kabla ya kuinua. Baada ya kuinua kwa jeki, tuliweka stendi imara chini ya chesisi. Jeki ni ya kuinulia tu. Mtu asiingize hata mkono chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Pili, tulifungua bolti 2 kubwa zinazoshika kalipa, yaani kile chuma kinachozibana pedi juu ya diski. Kalipa tuliifunga kwa waya kwenye springi. Haifai kuiacha ining'inie kwa mpira wa breki, kwani mpira huweza kuchanika kwa ndani pasipo kuonekana.

Tatu, tulitoa diski. Katika magari mengine diski hutoka kwa kuvutwa tu. Kwa mengine imefungwa na habu kwa nyuma, na beringi hazina budi kutolewa. Mwenye gari la namna hiyo, na asiye na uzoefu wa beringi, ampelekee fundi. Si aibu.

Nne, tulisugua uso wa habu kwa brashi ya waya hadi kutu yote ikatoka, kwa maana kutu kidogo hapo huipindisha diski mpya, na mtetemeko hurudi. Vumbi la pedi tulilifuta kwa kitambaa chenye maji. Halipulizwi kwa mdomo, kwani ni baya kwa mapafu. Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu, nayo lazima yasafishwe kabisa.

Tano, pistoni zilirudishwa ndani polepole, huku tukiangalia mafuta ya breki yasifurike kwenye kopo lake. Mafuta haya hunyonya maji kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi 140. Yakichemka mteremkoni hutoa mapovu, na pedali huenda hadi chini bila kazi. Kwa hiyo yabadilishwe kila miaka miwili hivi. Diski na pedi mpya huwekwa pande zote mbili, kamwe si upande mmoja.

Tulipokuwa upande wa kushoto, jirani aliniita langoni, akitaka nimsomee barua ya ofisi. Nilikaa naye kitambo. Niliporudi nilivaa tairi, nikakaza nati kwa kuvukavuka kama ipasavyo, nikashusha gari. Nikasema, "Kesho asubuhi tunakwenda Katesh."

Kijana akaniambia, "Mjomba, zile bolti za kalipa za upande huu sikukuona ukizikaza."

Nilimkemea. Nilimwambia kwamba nilianza kufungua magari kabla hajazaliwa. Alinyamaza, lakini hakuondoka. Alisimama pale na spana mkononi. Nadhani ni ile spana iliyonishinda. Nikainua gari tena, nikatoa tairi. Bolti ya juu niliizungusha kwa vidole viwili.

Ndugu zangu, mbele yetu ulikuwapo mteremko wa Dareda, na garini angekuwamo mama yangu mzazi. Tumezoea kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile mkuu ndiye aliyetaka kuvunjika guu kwa kutosikia la mdogo.

Tulikaza bolti zote kwa kipimo cha kitabu cha gari, na kila iliyokazwa kijana aliitia alama ya chaki. Kabla ya kuwasha injini nilikanyaga pedali mara nyingi hadi ikawa ngumu. Kisha, kwenye barabara tambarare isiyo na watu, bila mzigo, nilipunguza mwendo mara kumi kutoka kilometa 50 kwa saa hadi 10, nikiacha diski zipoe kidogo kila mara. Katesh tulikwenda siku ya pili yake, na baada ya safari nati zikakaguliwa tena.

Wenzangu wa rika langu, elimu na cheo havikazi bolti. Ukiitwa katikati ya kazi, ukirudi anza ukaguzi upya. Nanyi vijana, ukiona mkubwa amesahau, sema kwa adabu. Akikukemea, usiondoke. Baki na spana mkononi.