Hesabiwa, kura yako iwe na uzito

Ndugu msikilizaji wa Muleba, kura yako ina uzito gani?

Wilaya yetu ina majimbo mawili: Muleba Kaskazini na Muleba Kusini. Kila jimbo lina mbunge mmoja. Watu wakiongezeka sana upande mmoja, kura ya kila mmoja huko hupungua uzito.

Ndiyo maana Katiba inataja uchunguzi wa mgawanyo wa majimbo angalau kila miaka 10. Tume ya Uchaguzi huangalia idadi ya watu, mawasiliano na jiografia. Wenzetu wa visiwa vya Bumbire na Goziba wanaelewa kwa nini jiografia na mawasiliano ni muhimu.

Ufanye nini? Sensa ikifika, hesabiwa, ili idadi ya watu wa jimbo lako ijulikane. Ukihama, rekebisha taarifa zako kwenye daftari la wapiga kura. Mipaka ya majimbo ikijadiliwa, toa maoni.

Narudia: hesabiwa, kura yako iwe na uzito.