Maumivu ya Kila Mwezi Si Uvivu
(Mazungumzo mbele ya makatibu na wanachama wa vyama, Kipawa, Dar es Salaam)



Daftari la mahudhurio huonyesha nani alikuwapo na nani hakuwapo, sababu halionyeshi. Mama muuza samaki wa Kipawa akikosa mikutano kila mwezi, na marejesho ya mkopo wake yakachelewa, ni rahisi kumwita mzembe. Huenda mama huyo ni mgonjwa.

Mwili huongozwa na homoni, yaani vichocheo vinavyopita katika damu vikipeleka amri kutoka kiungo hadi kiungo. Kila mwezi homoni iitwayo estrojeni hujenga utando ndani ya mji wa mimba. Mimba isipotunga, homoni hushuka na utando hubomoka. Hapo hutolewa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huukaza mji wa mimba, na ndizo chanzo cha maumivu ya kawaida ya hedhi.

Lakini uko ugonjwa uitwao endometriosisi. Tishu zinazofanana na utando ule huota nje ya mji wa mimba, kwenye ovari, mirija au hata matumbo. Estrojeni huzilisha, nazo huleta uvimbe na makovu. Maumivu huanza na hedhi, na kwa baadhi ya wagonjwa huishia kuwa ya siku zote. Wengine hukosa uzazi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa wanawake na wasichana wapatao milioni 190 duniani wanao ugonjwa huu, yaani mmoja katika kila kumi wa umri wa kuzaa.

Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, aliueleza hadharani ugonjwa wake baada ya kupasuliwa zaidi ya mara kumi. Mwaka 2017 alijaliwa mtoto. Nchini Kenya, mtangazaji Njambi Koikai, ambaye ugonjwa ulimfika hadi mapafuni, alifariki Juni 2024.

Tiba ya kuung'oa kabisa haijapatikana, ila nafuu ipo. Dawa kama ibuprofeni hupunguza prostaglandini. Baadhi ya vidonge, sindano na vipandikizi vya uzazi wa mpango huzituliza tishu hizo. Upasuaji nao huziondoa. Daktari ndiye wa kuchagua lipi limfae nani.

Kwa hiyo vyama vinatakiwa kufanya mambo matatu. Kwanza, katibu aulize kwa staha kabla ya kuandika faini, ikiwezekana kwa kumtumia mjumbe mwanamke. Pili, kanuni za utoro zitambue ugonjwa unaorudi, na cheti kimoja cha daktari kitoshe, asidaiwe kingine kila mwezi. Tatu, binti anayelazwa kitandani na hedhi apelekwe hospitali, asiambiwe kwamba akizaa yatakwisha.

Faini haimponyi mgonjwa wala hairudishi fedha za chama. Mwanachama aliyetibiwa, na ratiba ya mkopo wake ikapangwa upya, ndiye atakayelipa.