Walioumbwa Ili Watumike

 Leo twafungua Kitabu cha Ayubu, mlango wa 31. Ayubu anajitetea mbele za Mungu, na miongoni mwa mambo anayoyataja ni watumishi wake. Asema hakuidharau haki yao walipokuwa na neno juu yake, kwa sababu yeye na wao walifanyizwa tumboni na Muumba mmoja.

Je, na kama mtumishi hakufanyizwa tumboni? Waandishi wa hadithi za sayansi wameliuliza swali hili zamani. Mwaka 1932 Mwingereza Aldous Huxley alitoa kitabu kiitwacho Brave New World. Humo hakuna mama. Watoto hukuzwa ndani ya chupa, kwa matabaka matano. Wa tabaka la chini kabisa hupunguziwa hewa ya oksijeni wangali chupani ili akili zisikue, na watu wote hufundishwa usingizini kuridhika na hali yao. Farao hakufika huko! Waisraeli waliugua, na kilio chao kikasikiwa. Hawa wamenyang'anywa hata kilio, kabla ya kuzaliwa.

Msidhani hizo ni ndoto tupu. Mwaka 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kuzaliwa kwa mapacha ambao alibadili chembe zao za urithi kabla hawajatiwa tumboni mwa mama yao. Alifungwa miaka mitatu. Hatusemi kila ufundi wa namna hiyo ni dhambi. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu wagonjwa wa selimundu watibiwe kwa kubadili chembe za urithi katika damu yao, nasi twamshukuru Mungu. Hofu yetu huanza pale mtu mwenyewe anapofanywa dawa ya mwingine.

Kazuo Ishiguro ameliandika hilo katika Never Let Me Go, kitabu cha mwaka 2005. Katika shule moja ya bweni Uingereza wanalelewa watoto ambao ni nakala za watu wengine. Wakikua watatolewa viungo vya mwili, kimoja baada ya kingine, wapewe wagonjwa. Mwenzao akifa, wao husema amekamilisha. Walimu huwahimiza wachore, na michoro bora huchukuliwa. Baada ya miaka, Kathy na Tommy wanakutana na mwalimu wao wa zamani na kumwuliza sababu. Anawaeleza kwamba walitaka kuuonyesha ulimwengu kuwa watoto kama wao wana roho.

Walimu hao walikuwa wema kuliko wengi. Hata hivyo waliona roho ya mtoto ni neno la kuthibitishwa kwa rangi na karatasi. Na asiyejua kuchora je? Tommy hakujua, na wenzake walimcheka. Sisi tunaobatiza watoto wachanga hatujamdai hata mmoja ushahidi wa roho yake.

Wakubwa waliitazama michoro, wakaguswa, na viungo vikaendelea kutolewa, maana nani angekubali wagonjwa wake wakose dawa? Usiku ule, njiani, Tommy aliomba gari lisimame. Akaingia kondeni gizani, akapiga kelele. Kathy akamfuata matopeni, akamshika.

Na tuombe.