Kriketi, Vijana Wetu na Majirani Zetu

Hotuba ya Kamati ya Michezo, iliyosomwa jioni ya maadhimisho katika uwanja ulio nyuma ya hekalu, Tanga



Tumepewa dakika chache kusema juu ya michezo, na baadhi yenu huenda mkadhani kwamba hili ni jambo dogo katika sherehe kubwa. Tunaomba mtuvumilie. Wengi wetu katika Kamati ni wafanyabiashara, na kila Diwali twafungua vitabu vipya vya hesabu baada ya kufunga vya zamani. Jioni hii twataka kufunga kitabu kimoja cha zamani mbele yenu, tukionyesha faida yake na hasara yake bila kuficha, ili tupate haki ya kufungua kipya.

Babu zetu walifika pwani hii kwa majahazi kutoka Kutch na Kathiawar. Walianza kwa duka, wakajenga hekalu, kisha wakasafisha uwanja. Kriketi waliijua kutoka India, nayo India iliipata kwa Waingereza. Sisi tulipokuwa wadogo, kila Jumapili jamvi la makumbi lilitandikwa juu ya saruji katikati ya uwanja huu, mama zetu wakaleta chai na thepla, na mechi ikachezwa mpaka magharibi. Watoto wa majirani waliketi juu ya ukuta. Mpira ulipovuka ukuta, wao waliufuata na kuturudishia. Sisi tulisema ahsante, tukaendelea kucheza. Hilo ndilo la kwanza tunaloliandika upande wa hasara: kwa miaka mingi tuliwaachia wale watoto kazi ya kuokota mpira, na hata siku moja hatukuwapa gongo.

Kisha mambo yakabadilika. Baada ya nyumba kutaifishwa mwaka 1971, na baadaye bei ya katani kuporomoka, jamaa wengi waliondoka Tanga. Wengine walihamia Dar es Salaam, wengine London, Leicester na Toronto. Waliobaki walipeleka watoto wao kusoma mbali, na aghalabu mtoto aliyekwenda kusoma mbali hakurudi. Timu iliyokuwa na wachezaji wa akiba ikawa ya kumi na mmoja, kisha ikawa ya kuombana. Ilifika Jumamosi moja tukatokea tisa, na watatu kati ya hao tisa walikuwa wamekwisha kupita miaka hamsini.

Siku hiyo vijana wawili walikuwa wameketi ukutani kama ilivyo desturi. Mmoja wetu, si kwa hekima bali kwa shida, akawaita washuke. Walicheza pekupeku. Yule mdogo alipopiga mpira wa kwanza na kuanza kukimbia, alimpigia mwenzake kelele, “Chalo! Chalo!” Sote tukacheka. Tulipomuuliza Kigujarati alijifunzia wapi, alishangaa. Hakujua kwamba ni Kigujarati. Tangu utotoni alikuwa akituangalia kutoka juu ya ukuta, na alidhani neno hilo ni sehemu ya kanuni za mchezo.

Ndugu zetu, kicheko kile kilitufikirisha sana. Mtoto alikuwa amejifunza mchezo mzima bila ya mwalimu. Alijua asimame wapi, akimbie lini, na mpira ushikwe vipi. Kilichokosekana ni mtu wa kumfungulia lango, na ufunguo wa lango ulikuwa mfukoni mwetu.

Tumetaka kujua kama wengine waliwahi kuliona hili kabla yetu, na tumekuta kwamba majirani zetu wa Kenya waliliona zamani. Katika Kombe la Dunia la kwanza, lililochezwa Uingereza mwaka 1975, palikuwa na timu iliyoitwa Afrika Mashariki. Nahodha wake alikuwa Harilal Shah, na wachezaji walitoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Ilicheza na New Zealand, India na Uingereza, ikafungwa mara tatu. India haikupoteza hata wiketi moja katika kuifunga. Wengi wa wachezaji wale walikuwa wa asili ya Kiasia, na Waafrika weusi walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Sasa tazameni miaka ishirini na mmoja baadaye. Tarehe 29 Februari 1996, huko Pune, Kenya iliifunga West Indies. Kenya ilitolewa kwa mikimbio 166, na kila mtu alidhani habari imekwisha. West Indies ikatolewa kwa mikimbio 93. Rajab Ali alimtoa Brian Lara, na nahodha Maurice Odumbe akaangusha wiketi tatu. Katika kikosi hicho kimoja walikuwamo Hitesh Modi na Dipak Chudasama, na pamoja nao Steve Tikolo, Kennedy Otieno, Martin Suji na Thomas Odoyo. Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, ikafungwa na India mjini Durban. Njiani iliifunga Sri Lanka jijini Nairobi, na Collins Obuya, mdogo wake Otieno, akaangusha wiketi tano.

Je, vijana hao walitoka wapi? Wengi walikulia kando ya viwanja vya klabu za Kiasia za Nairobi, na kwa wengine ukuta wao ulikuwa kama ukuta wetu. Tikolo, ambaye wengi humhesabu kuwa mpigaji bora kabisa aliyepata kutokea Kenya, alichezea klabu ya Swamibapa, ambayo ni klabu ya watu wa hekalu kama sisi. Tofauti yao na sisi ni kwamba wao walifungua lango mapema.

Hata hivyo habari ya Kenya ina sehemu ya pili, nasi hatutaificha. Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hadhi yake ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Ugomvi wa viongozi ulichangia, na fedha zilichangia. Lakini kubwa zaidi, kizazi kile kilipozeeka hakikuwa na warithi wa kutosha nyuma yake. Kulea vijana hakukomi siku ya ushindi. Shamba la mkonge likishavunwa bila kupandwa upya, sisi watu wa Tanga twajua hubaki nini.

Hapa kwetu Tanzania dalili njema zipo. Timu yetu ya taifa, ambayo zamani ilikuwa karibu yote ya Kiasia, leo ina vijana kama Ivan Selemani na Kassim Nassoro wakicheza bega kwa bega na Abhik Patwa. Timu yetu ya wanawake ilitwaa ubingwa wa mashindano ya Kwibuka jijini Kigali mwaka 2022 kwa kuifunga Kenya katika fainali. Na mwaka 2028 kriketi itarudi katika Olimpiki, huko Los Angeles, baada ya kutokuwamo tangu Paris mwaka 1900. Mtoto wa miaka kumi aliyeketi ukutani jioni hii ana mahali pa kuelekea.

Basi tulifanya nini baada ya Jumamosi ile? Tulitangaza kwamba kila Jumamosi asubuhi lango litakuwa wazi. Tulijifunza kwamba mtoto hahitaji mpira wa ngozi wala pedi siku ya kwanza. Mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe wa fundi umeme unatosha, na hauvunji jino la mtu. Tuliwachezesha wanane wanane badala ya kumi na mmoja. Wapigaji waliingia wawili wawili, kila jozi ikapata ova zake hadi mwisho. Anayetolewa hakwenda kuketi, bali timu yake ilikatwa mikimbio. Kila mtoto alirusha walau ova moja. Kwa njia hii asiyejua hakukaa benchi akisubiri kujua, na hata watoto wetu wenyewe, waliozoea kuuona mchezo kwenye simu tu, walianza kuja.

Sasa twafika kwenye ukurasa ulio mgumu. Yule kijana wa “chalo” alikuja kwa miezi kadhaa, kisha akatoweka. Tulidhani ni masomo. Baada ya majuma matatu, wawili wetu tulikwenda nyumbani kwao. Mama yake, anayeuza vitumbua asubuhi, alitukaribisha vizuri na kutupa viti, naye akabaki amesimama. Tulimwuliza kwa nini mwanawe ameacha mpira. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Mwanangu hakuacha mpira, baba. Aliacha kopo.”

Hatukumwelewa, ikabidi atueleze. Wakati wa mapumziko watoto wetu walipewa maji katika glasi. Watoto wa jirani walipewa katika kopo moja la bati, lililotundikwa peke yake kwenye msumari karibu na bomba. Hakuna mkutano uliopitisha jambo hilo. Hakuna aliyeamuru. Lilikuwapo tangu zamani, nasi tulipita mbele ya msumari ule kila Jumamosi bila kuuona. Mtoto aliuona siku ya kwanza, akavumilia kwa ajili ya mapenzi yake kwa mchezo, mpaka uvumilivu ukamwishia.

Tulimwomba radhi mama yule, na tukamwomba kijana mwenyewe. Twaomba radhi tena jioni hii mbele ya majirani wote, maana kosa lilitendeka uwanjani, nalo lafaa kukiriwa uwanjani. Msumari tuliung'oa. Sasa vyombo vya maji ni vya aina moja, na watoto huviosha kwa zamu, wetu na wenu. Kijana alirudi, ingawa si mara moja. Ndiye aliyewapangeni viti mlivyokalia jioni hii, na kila Jumamosi ndiye anayewafundisha wadogo kushika gongo. Twafundishwa hekaluni kwamba seva ni kumhudumia Mungu kwa kumhudumia kiumbe chake. Hatujui seva hiyo ingeweza kuwa na maana gani huku kopo lile likiwa bado limetundikwa.

Ndugu Mwenyekiti, tunayo maombi matatu.

La kwanza lahusu ardhi tuliyoikalia. Wanachama wanajua kwamba tumeletewa ombi la kuukodi uwanja huu kwa miaka mingi ili yajengwe maghala, na mkutano mkuu utaamua baada ya sherehe hizi. Kodi inayotajwa ni nzuri. Sisi ni wafanyabiashara, hatutaidharau fedha mbele yenu, na twajua paa la hekalu linahitaji matengenezo. Lakini ghala laweza kujengwa mahali pengi katika mji huu, na uwanja ukishafunikwa kwa saruji haurudi tena. Hapa ndipo tunapocheza garba usiku wa Navaratri. Hapa ndipo mtoto wa Kihindu na mtoto wa Kiislamu na mtoto wa Kikristo hujuana kwa majina kabla ya kufundishwa na mtu mwingine kuogopana. Twaomba mkutano ukatae. Na kwa kuwa si haki kukataa fedha za wengine bila kutoa zako, wajumbe wa Kamati hii tumeahidiana kuchangia sehemu ya kwanza ya gharama za paa, na ahadi zetu tumekwisha kuzikabidhi kwa Mweka Hazina.

La pili lahusu kanuni. Katika kitabu chetu bado imeandikwa kwamba uwanja ni wa watoto wa wanachama. Kwa vitendo tumekwisha kuivuka kanuni hiyo, lakini jambo linalotegemea hisani ya Kamati laweza kuondolewa na Kamati nyingine. Twaomba iandikwe kwamba Jumamosi ni ya watoto wote wa mtaa, wavulana kwa wasichana.

La tatu latuhusu sisi wazazi wenyewe. Mtoto akifika kidato cha pili, wengi wetu humwondoa uwanjani kwa ajili ya masomo ya ziada, na msichana humwondoa mapema zaidi. Masomo ni mema, wala hatuyapingi. Lakini mtoto anayejua kusubiri zamu yake, kukubali uamuzi wa mwamuzi, na kumshangilia mwenzake wakati yeye mwenyewe ametolewa, amejifunza jambo ambalo hata katika biashara tumewakosa watu wa kulifanya. Mwaka 2006 mwamuzi Subhash Modi alimtoa mwanawe mwenyewe, Hitesh, katika mechi ya Kenya na Bangladesh. Baba aliinua kidole, na mwana akatoka uwanjani. Twataka watoto wetu wakue hivyo. Tuachieni saa tatu za Jumamosi.

Ndugu zetu, wazee wetu walisafisha uwanja huu kwa mikono yao, nasi tuliurithi pamoja na ukuta wake. Kesho kutwa ni Jumamosi. Lango litafunguliwa saa moja na nusu asubuhi, jamvi litakuwa limetandikwa, na mama wa vitumbua ameahidi kuleta sinia mbili. Waleteni watoto. Asiye na viatu na aje pekupeku, na asiyejua kucheza tutamfundisha.