Jina la Diski na Namba ya Kitanda



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya kutunza kompyuta. Nitasema jambo moja tu, majina ya diski, kwa kuwa liliwahi kunitoa jasho.

Mnakumbuka siku ya kufungua shule. Aliyewahi kufika alichagua kitanda. Aliyechelewa alilala karibu na mlango, akapigwa baridi muhula mzima. Muhula uliofuata vitanda vilibadilika. Lakini namba ya kuandikishwa haikubadilika hata siku moja, na najua wengi wenu mnaikumbuka mpaka leo.

Basi, mfumo wa Linux huzipa diski majina kama ya vitanda: sda, sdb, sdc, kwa kadiri zinavyoonekana mashine inapowashwa. Hakuna ahadi kwamba kesho mpangilio utakuwa ule ule.

Mimi sikulijali hilo. Katika ofisi moja niliandika programu ya kufuta sdb kila Ijumaa usiku na kuijaza nakala ya kumbukumbu zilizokuwa sda. Ijumaa moja jioni umeme ulikatika. Uliporudi, majina yalikuwa yamebadilishana. Programu yangu, kwa utiifu kamili, ikafuta kumbukumbu zenyewe, kisha ikanakili juu yake nakala ya wiki iliyopita. Jumatatu kila kitu kilionekana kizima, ila saa za kazi za vibarua za wiki nzima hazikuwapo. Tuliwaita mmoja mmoja kuwauliza walifanya kazi siku zipi. Mzee mmoja alinitazama tu, hakusema neno. Kosa lilikuwa langu.

Na dawa ilikuwapo siku zote! Sehemu ya diski inapoandaliwa kwa mfumo kama ext4, huandikiwa ndani yake namba ya kipekee iitwayo UUID, yenye tarakimu na herufi 32. Amri ya blkid huionyesha. Programu ya udev, iliyoanza mwaka 2003, huiweka katika /dev/disk/by-uuid, na katika faili ya /etc/fstab unaandika UUID= badala ya /dev/sda1. Diski ihamishwe waya, iwahi au ichelewe, itatambulika.

Ila msiiamini kijinga. Ukiiandaa upya sehemu hiyo, hupata namba mpya. Ukiinakili diski nzima neno kwa neno, namba nayo hunakiliwa, nanyi mtakuwa na wanafunzi wawili wenye namba moja. Kwa kazi ya kufuta, mimi sasa hutumia by-id, ambayo hufuata aina ya diski na namba iliyotoka nayo kiwandani. Diski hiyo isipokuwapo, programu hukataa kuendelea, nami hupigiwa simu usiku. Mke wangu hapendi, lakini vibarua wanalipwa.

Ndugu Mwenyekiti, naona chakula kimeanza kunukia.